Ufunguo Ulioanikwa

Chapati imeungua.

Maneno mawili tu kwenye kioo cha simu yake ya Samsung. Mtu mwingine angecheka. Kasiani alihisi jasho likimtambaa mgongoni, maana tafsiri yake aliijua: siri ya Kitengo, idara yao ya ujasusi, imevuja.

Alikuwa amesimama mbele ya vijana kwenye chumba kilicho juu ya duka la mabati, Tabata. Walimjua kama Mwalimu Kasi, mfundishaji wa kutengeneza tovuti asiyedai ada. Hawakujua kwamba chini ya koti lake ililala bastola ya Glock, wala kwamba kalamu yake ya ubaoni, ukiikandamiza kitako, inanasa minong'ono ya nyumba ya tatu. Na kwa nini mtu avae koti Dar, mwezi wa Februari? Hakuna aliyewahi kuuliza. Walidhani ndiyo usomi wenyewe.

Ubaoni alikuwa amemaliza kuandika, kwa herufi kubwa:

USIWEKE UFUNGUO NDANI YA MSIMBO.

"Programu yako ikihitaji ufunguo wa kuingilia ghala la taarifa, uufiche pembeni, usiuandike kwenye maandishi ya programu," alikuwa akiwaambia. "Ukiupandisha GitHub, kule mafundi wanakoanika kazi zao mtandaoni, pamoja na kazi yako, umeanika chupi barabara ya Mandela. Kila anayepita anaijua saizi yako."

Darasa zima lilikuwa bado linacheka simu ilipoita.

Mama Yuliana, mkuu wa Kitengo. Mama Yuliana hapigagi simu. Akipiga, kuna mtu anazikwa au anahamishwa.

Kasiani akatoka hadi kwenye ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba ingoje kwanza. Ufunguo wa ghala letu la majina ya majasusi uko GitHub. Hadharani. Tangu jana."

"Nani kauweka?"

"Nilitaka nione kama utauliza."

Hapo ndipo ilipomwingia.

Jana alikuwa amekamilisha kazi yake ya fahari: ukurasa uliokusanya masomo ya bure ya waandishi wa programu, kutoka tovuti za MDN, freeCodeCamp na W3Schools, kila moja na maelezo ya Kiswahili chepesi. Aliutengeneza kwenye kompyuta ya kazini, ThinkPad. Faili la kuunganishia ghala, ufunguo ukiwa ndani yake, alilinakili kutoka kwenye kazi ya Kitengo, ili asipoteze muda. Akaupandisha. Akautangaza kwenye kundi la Telegram la Mafundi Tovuti. Watu wakaanza kuupa nyota, ile alama ya pongezi ya pale GitHub, naye akakaa kitandani anazitazama zikiongezeka.

Jasusi aliyewahi kuvuka mto Ruvuma amening'inia chini ya tumbo la kiboko, na kiboko mwenyewe asijue, alikuwa amelala akihesabu nyota za kwenye simu.

"Nimeufuta sasa hivi," alisema, vidole vikikimbia.

"Umefuta ukurasa wa juu. Historia imebaki, matoleo ya zamani yote yanaonekana. Si ndivyo unavyowafundisha watoto wa watu?"

Ndivyo alivyowafundisha. Jumanne.

"Ufunguo nimeshauua mie," Mama Yuliana akaendelea. "Lakini Rademaker ameshachukua faili la majina. Roboti lake linazunguka GitHub kama kuku uani, likiona punje linadonoa. Halijali nani kamwaga."

Rademaker. Mgeni mwenye tabasamu la daktari wa meno, aliyepanga ghorofa nyuma ya soko la vinyago Mwenge na kufungua Kisima Huru: mafunzo ya bure, zana za bure, viendelezi vya bure vya kuongeza kwenye VS Code, daftari la kuandikia programu. Kila kijana aliyesakinisha zana ya Kisima Huru aliruhusu jicho liingie kwenye kompyuta yake, na jicho lile lilikuwa linapeleka nywila za mifumo ya nchi kwa wanunuzi wa ng'ambo.

Kitengo kilikuwa na mtu mle ndani.

"Herieth," Kasiani alisema.

"Herieth. Yuko mapokezi, simu zao zinakusanywa mlangoni, siwezi kumpata. Jina lake na picha yake vimo kwenye lile faili. Limefungwa kwa neno la siri, na mtambo wao unajaribu neno moja baada ya jingine. Likifunguka, Herieth hatoki Mwenge mzima. Neno uliweka wewe. Ni gumu?"

Kasiani alitazama ukuta wa ngazi.

"Kasiani. Ni gumu?"

"Ni jina la mke wangu. Na mwaka tuliooana."

Mama Yuliana alivuta pumzi kama mtu aliyekanyaga kitu chenye ubichi.

"Basi una nusu saa. Nikituma gari la askari, Rademaker atalirusha faili nje kabla hawajapanda ngazi. Nenda peke yako. Aliyeacha moto jikoni ndiye anayeuzima."

"Ndiyo, mama."

"Marahaba," akasema, akakata.

Pikipiki yake ya Boxer ilinguruma.

Wanaosema Boxer haipai hawajamwona Kasiani siku ile pale Ubungo. Lori la saruji lilikuwa limefunga njia. Yeye alilipanda kwa mgongoni, akateremkia mbele, akawaacha matrafiki wanatazamana. Sam Nujoma aliipita kama anayefukuzwa. Na kweli alifukuzwa. Sentensi yake mwenyewe ya ubaoni ilikuwa imepanda nyuma yake, inamnong'oneza kwenye kila tuta.

Usiweke ufunguo ndani ya msimbo.

Mwenge. Aliegesha kwenye banda la Gaspar, mchonga vinyago wa kutoka Masasi kama yeye.

"Mjomba!" Gaspar alimtazama. "Mbona uso umeuangusha? Simama hapo hapo nikuchonge, wazungu wananunua sana huzuni."

"Nipe kinyago chochote, mjomba. Na kiti. Narudi."

Alipanda ghorofani amekumbatia kobe wa mpingo. Mlangoni alikaa Mashaka, mlinzi mwenye shingo ya gogo. Alimpapasa. Glock Kasiani alikuwa ameiacha chini ya vumbi la mbao la Gaspar.

Herieth alikuwa mezani, nywele za rasta, kitambulisho kifuani chenye jina lisilo lake. Hakushtuka. Herieth hashtukagi.

"Karibu, kaka. Nikusaidie nini?"

"Nimekuletea kobe wako, dada. Na pole ya nyumbani."

"Pole ya nini tena?"

Mashaka alikuwa ameegemea, anasikiliza. Nyuma ya kioo Lusungu, fundi wa mitambo wa Rademaker, alitafuna karanga mbele ya skrini iliyokuwa ikikimbiza maneno.

"Lile kabati lako la nguo," Kasiani alisema. "Liliachwa wazi jana. Wezi wameingia. Kila kitu chako wanacho mkononi, wanahangaika na kufuli la mwisho tu."

Macho ya Herieth yalihama kidogo, yakaenda kwenye kioo, yakarudi.

"Nani aliliacha wazi?"

Angeweza kusema watoto. Angeweza kusema fundi.

"Mie."

"Wewe mwenyewe?"

"Mie mwenyewe, dada. Nilikuwa naringishia watu."

Mashaka akacheka. "Mwanaume mzima unaringishia watu kabati la dada yako!"

Risasi alishawahi kupigwa, begani, na aliuguza jeraha bila kulia. Lakini vile Herieth alivyomtazama, bila hasira, kama anayesoma kibao cha dukani kilichoandikwa "Tumefunga", alitamani zile mbao za sakafu zifunguke.

"Nenda, kaka," Herieth alisema taratibu. "Kufuli langu mie nalijua. Umeme ukikatika, mwizi anaitaga fundi."

Akaupeleka mguu chini ya meza.

Tap.

Ghorofa nzima ikazima.

"We! Nani kakanyaga waya?" Lusungu alipiga kelele.

"Nyaya zenu mmezitandaza kama majoka, nyie mnategemea nini?" Herieth alimjibu kwa ukali wa mpokea wageni aliyechoka. "Haya, nimerudisha!"

Kasiani alikuwa ameshafika chini, kwenye kiti cha Gaspar, ile ThinkPad aliyokuja nayo ikiwa magotini. Alikuwa ameielewa ile kauli ya Herieth. Mtambo ulizimika katikati ya kazi. Ukiwaka, programu ya kujaribu maneno itagoma na kutoa kosa. Na fundi akiona kosa asilolijua, anafanya nini? Anafanya wanachofanya mafundi wote wa dunia. Hasomi maelezo. Anauliza mtandaoni, anachukua jibu la kwanza, anabandika.

Alifungua Telegram, kundi la Mafundi Tovuti, ambako mafundi wote wa mji huulizana.

Gaspar alikwangua mbao. Shoka dogo, tsak, tsak.

Ikaingia picha ya skrini yenye maandishi mekundu. Mtumaji: Lusungu.

*Wakuu, hili kosa nalitoaje? Haraka jamani, bosi kanisimamia kichwani. Mwalimu Kasi upo? Nimeona kazi yako ya jana, nimekupa nyota.*

Kasiani aliisoma mara mbili. Kumbe nyota mojawapo ilikuwa ya Lusungu. Amempongeza mtu ambaye msimbo wake hakuusoma hata mstari. Angeusoma, angejua kwamba ufunguo walioibia faili ulitoka humo humo.

Aliandika mstari mmoja. Mrefu, wenye alama za kutisha, ndani yake amri ya kufuta kila kitu kwenye mtambo na kwenye kompyuta zote zilizounganishwa nao.

*Bandika hii, mdogo wangu. Itakaa sawa.*

*Ubarikiwe mwalimu!*

Akasubiri. Alijua kila kitu kilikuwa kimening'inia kwenye uvivu mmoja tu, na uvivu ule aliujua vizuri. Ni wake.

Juu, mtu akapiga yowe.

"Imefuta! Bosi, imefuta kila kitu! Na nakala!"

Mlango wa nyuma ulifunguka kwa kishindo. Rademaker alishuka ngazi za chuma mbili mbili, diski ya Seagate kifuani: nakala pekee ambayo haikuwa imechomekwa. Kasiani alichomoa Glock kutoka kwenye vumbi la mbao, akapiga chafya, risasi ikaenda ikakata sikio la twiga wa mninga.

"Twiga wangu!" Gaspar akalia.

Rademaker alikimbilia kwenye uchochoro wa vinyago. Hakufika mbali. Kutoka dirisha la juu kobe wa mpingo alishuka kwa heshima zote, akatua begani pake. Mpingo si mti wa mchezo. Rademaker akalala katikati ya tembo wadogo wa kuuzia watalii, na diski ikateleza hadi kwenye kiatu cha Kasiani.

Akaikanyaga. Kisha akaipiga risasi, kwa uhakika.

Juu dirishani Herieth alikuwa anafuta mikono. Nyuma yake Mashaka alionekana amefungwa kwa zile nyaya zilizotandazwa kama majoka.

Gari la Kitengo lilipofika, Herieth alishuka, akapita karibu na Kasiani, akasimama.

"Dada," alianza.

"Usiniombe msamaha hapa, watu wanaangalia." Akamsogezea kola ya koti ikakaa sawa. "Neno la siri lilikuwa nini?"

Akamwambia.

Herieth alifumba macho. "Hata wifi hatakiwi kujua hilo," akasema, akaingia garini.

Mama Yuliana alipiga mara ya pili siku hiyo hiyo, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu Kitengo kianze.

"Ule ukurasa wako wa masomo. Mzuri. Vijana wanautumia."

"Nitauondoa wote leo, mama. Na historia yake."

"Thubutu. Ufunguo umekufa, hauna madhara. Uache pale na historia yake, na jina lako juu. Kesho ukirudi kwenye sentensi ile ya ubaoni, ufungue uwaonyeshe mfano."

"Mbele ya darasa?"

"Mbele ya darasa."

Kasiani alimlipa Gaspar sikio la twiga. Alivaa miwani yake ya jua, akatia mikono mfukoni, akaondoka katikati ya umati wa Mwenge, taratibu, kifua mbele, kama mtu aliyeokoa nchi kabla ya chakula cha mchana.

Simu ikatetemeka. Kazi yako imepata nyota mpya.

Kutoka kwa Herieth.

Hakugeuka. Hakupunguza mwendo. Ni shingo tu, kwa nyuma, iliyokuwa imelowa jasho chapachapa.