Namba ya Clifton

Lorne Dembski alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu, nje kidogo ya mji wa Toledo, Marekani, na mtaa mzima hapakuwa na mtu aliyeyajua magari ya Chevelle kumshinda. Jumapili moja ya mwaka 1988 alikuwa gerejini kwake akinywa kahawa na shemeji yake, Delbert, na kubishana kama kawaida yao. Delbert alikuwa na gari la Road Runner lenye injini ya Hemi. Alisema hakuna injini inayopumua kama ile. Ikishapanda mizunguko ya juu, hata dereva wake anaiogopa. Lorne akamjibu kwamba Hemi husinzia mpaka uibembeleze, lakini injini ya 454 ya Chevelle huvuta pale pale unapogusa mafuta, nguvu za farasi mia nne na hamsini, na hizo ni zile zilizokubaliwa kuandikwa.

"Sawa, shemeji," Delbert akamchokoza, "lakini injini yangu ilizaliwa na gari lake. Yako iko wapi?"

Hapo alimgusa Lorne penye kidonda. Kwa watu wa magari haya, heshima yote iko kwenye namba: ile iliyogongwa kwenye bloku ya injini lazima ioane na ya bodi. Injini ambayo gari la Lorne lilitoka nayo kiwandani ilipasuka zamani, akaitupa kwa ujinga wa ujana, na tangu hapo alikuwa akifunga za kuokoteza. Alijutia jambo hilo kuliko mengi mengine maishani mwake.

Wiki ile ile akapata 454 safi kwa bibi mmoja wa shambani, Ardith Vossler. Ilikuwa ya Clifton, mwanawe, aliyekufa ndani ya Chevelle yake mwaka 1974 kwenye mbio za magari za robo maili. Bei haikumshughulisha bibi yule. Alimshika Lorne mkono, akasema kwa sauti ya chini:

"Usiifute namba yake. Tulichozika ni kidogo sana, baba. Mwanangu yumo humo, na mguu wake bado uko kwenye mafuta."

Lorne akaahidi. Siku ya tatu, mlango wa gereji ukiwa umefungwa, akaisaga namba ya Clifton mpaka chuma kikang'aa, kisha akagonga namba ya gari lake, tarakimu moja moja, kwa nyundo. Kazi ilitoka nzuri mno. Mwenyewe aliitazama akatabasamu.

Asubuhi yake akakuta unga wa chuma sakafuni, na alikumbuka vizuri kwamba alifagia. Chini ya namba yake palikuwa na nyingine, hafifu, ikijitokeza kama kovu. Akaisaga tena, akagonga upya. Kesho yake ilikuwa imerudi. Akasaga na kugonga mara ya tatu, akaifunga injini kwenye gari, na hakumwambia mtu.

Hakumwambia hata Corinne, na Corinne ndiye angeendesha. Alikuwa na miaka ishirini, mtoto wake wa pekee, aliyemlea peke yake tangu mama yake afariki. Mgongo wa Lorne ulikuwa umeshakataa mashindano, kwa hiyo kwenye mbio za Jumamosi binti ndiye angepambana na mjomba wake, Delbert. Ijumaa alasiri alirudi kutoka kulijaribu gari, akasimama mlangoni.

"Baba, pedali ya mafuta ina joto," alisema. "Hata injini ikizimwa. Na nikitaka kuondoa mguu, ni kama kuna mguu mwingine juu ya wangu."

"Ni springi tu, mwanangu. Nitaibadilisha."

Akaibadilisha, akijua fika kwamba si springi.

Jumamosi saa sita mchana, jua likiwaka, magari mawili yalisogea kwenye mstari. Kabla ya kuingia kwenye lake, Delbert alifunua boneti ya Chevelle, akainama na tochi yake, akaisoma namba. Watu wakasogea kusikiliza.

"Shemeji," alisema taratibu, bila utani safari hii, "namba hii ni ya kweli?"

Lorne alimtazama binti yake, ameshafunga mkanda, anamsubiri baba yake. Neno moja tu lilitakiwa. Angesema hapana, gari lingetolewa mstarini, naye angechekwa maisha yake yote. Basi.

"Ya kweli," akasema.

Taa ikawa kijani. Chevelle iliruka kwanza, jinsi Lorne alivyodai miaka yote. Nusu ya njia, Hemi ikaanza kuikaribia. Haikuifikia. Corinne akavuka mstari mbele. Watu wakapiga kelele.

Delbert akashika breki. Taa za breki za Corinne hazikuwaka.

Mngurumo haukushuka. Ulipanda. Lorne alianza kukimbia. Aliliita jina la mwanawe, halafu akajikuta analiita la Clifton, akimwomba. Mngurumo ukaendelea kupanda. Njia ikaisha.

Walipomtoa alikuwa anapumua. Gari lilikuwa halitamaniki. Lorne alipiga magoti mbele ya injini, akapangusa mchanga kwa kiganja, akitafuta. Pale palipokuwa na namba palikuwa patupu, laini kama sahani. Namba yake haikuwepo. Ya Clifton pia haikuwepo.

Hospitalini walimwambia Corinne amelala usingizi mzito, wasubiri. Muuguzi akamkabidhi Lorne mfuko wa nguo. Ndani yake kulikuwa na kiatu cha kulia. Alikigeuza. Kwenye soli, kwa tarakimu zile zile za kiwandani, ilikuwa imegongwa namba ya Clifton, ile aliyoifuta mara tatu.

Aliisugua kwa kidole gumba. Haikutoka.

Kitandani, Corinne hakufumbua macho. Uso wake ulikuwa mtulivu, mikono imelala. Ila mguu wa kulia, chini ya shuka, ulikuwa unakanyaga, taratibu, mpaka chini kabisa.