Pacha wa Mtaroni

Jembe la Kidosho lilikuwa linachimba, na Kidosho mwenyewe alikuwa amelala kichakani.

Dada yake, ambaye kambi nzima ilimwita Mshonaji kwa kazi yake ya nyumbani, alilisikia akiwa ameinamia upande wake wa mtaro. Ti, ti, ti, ng'ambo ya tuta la udongo, bila kupumzika. Alidhani mdogo wake ameona haya akarudi kazini. Mgongo ulimuuma kiasi kwamba hata kuinua kichwa atazame aliona ni kibarua kingine.

Mafunzo ya kujitolea yalikuwa na sheria moja iliyochosha kuliko jembe. Kila mtu alipewa mwenzake, akaitwa pacha wake, ili watu wajifunze kushirikiana. Mnakula pamoja, mnabeba mawe pamoja, mnachimba pamoja mtaro wa kupeleka maji zahanati. Kila mkufunzi akipita huuliza kwa sauti, "Pacha wako?" nawe unajibu, "Yupo!" Mmoja akikosekana, mnafukuzwa wote wawili. Ndio ushirikiano wenyewe huo.

Mama yao aliwaaga mlangoni akamwambia mkubwa, "Mwenzako huyu nakukabidhi wewe. Nawataka mrudi wote." Basi Kidosho, aliyepangwa kuwa pacha wake, alipozidiwa na jua akawa anaponyoka kwenda kujilaza, dada alimfichia. "Pacha wako?" "Yupo!" alijibu, akionyesha kidole mahali patupu. Mwanzoni alijibu kwa woga. Baadaye akajibu kwa mazoea, hata macho hainui.

Alasiri ile mkufunzi alisimama juu ya tuta akachekelea. "Mdogo wako kabadilika jamani! Alikuwa anaubembeleza udongo, leo anachimba kama analipwa!"

Watu wakaangua kicheko, na Mshonaji akacheka nao. Kisha akamwona Kidosho anatoka kichakani, macho mekundu kwa usingizi, majani yamemganda nyweleni. Na jembe ng'ambo ya tuta lilikuwa bado linachimba.

Mshonaji akachungulia. Aliona mgongo wa msichana mwenye fulana ya mafunzo, umbo la Kidosho, shingo ya Kidosho. Jua lilikuwa linachoma, lakini fulana ile ilikuwa kavu, haina hata tone la jasho, na hewa ilinuka nywele zilizoungua. Aliogopa, mtu asikudanganye. Lakini mbele ya msichana yule mtaro ulikuwa umeshafika kiunoni, umenyooka, na Mshonaji alikuwa amechoka kuliko alivyoogopa. Akajiambia atasema kesho. Kesho yake akajiambia vilevile.

Kidosho akaanza kupitwa. Mpishi aligawa chakula, upawa ukamruka. Mtu alitaka kuketi kwenye benchi, nusura amkalie. Walipocheza ule mchezo wa kujiangusha kinyumenyume ili wenzako wakudake, alijiangusha, na hakuna aliyenyoosha mkono.

"Dada, watu hawanioni," alinong'ona jioni ile, wamekaa nyuma ya ghala la majembe.

"Umechoka tu, mdogo wangu. Hata mimi nimechoka."

"Nimemwita mkufunzi mpaka koo limekauka. Na wewe asubuhi ulikuwa unanitafuta, nami nimekaa mbele yako."

Mshonaji akamshika mkono. Ulikuwa mwepesi kama kitambaa ambacho hakijashonwa, na hapo ndipo aliposhikwa na uchungu hasa, akaona alichokifanya.

"Wewe ndiye uliyesema yupo," Kidosho akasema. "Basi wewe ndiye wa kusema hayupo."

Kesho yake, jua likiwa limeshaanza kuinama, mkufunzi alipita. "Pacha wako?"

Mshonaji hakujibu, na jembe ng'ambo ya tuta likanyamaza, na baada ya hilo yakanyamaza majembe yote ya mtaro mzima, moja baada ya jingine, ile harufu ya nywele zilizoungua ikatambaa chini chini kwenye udongo ikamfika miguuni, ikapanda magotini, ikamjaa puani hata machozi yakamtoka, naye akasikia kitu kinavuta pumzi karibu na sikio lake ilhali yule msichana amesimama kulekule, amewapa mgongo.

"Hayupo," akasema. "Anayechimba pale simjui."

"Sawa, dada," yule msichana akajibu bila kugeuka, kwa sauti ya Kidosho, kwa adabu ambayo Kidosho hakuwahi kuwa nayo. "Na uchovu wangu nimwachie nani?"

Mshonaji alimtazama mdogo wake, aliyekuwa amefifia hata tuta likaonekana kupitia bega lake. "Niachie mimi."

Jembe likaanguka. Kidosho akapiga kelele, na safari hii watu wote waligeuka kumtazama.

Walifukuzwa wote wawili, kama sheria ilivyosema. Mama aliwapokea, akawakumbatia, hakuuliza mengi. Mshonaji akajitupa kitandani, akalala mchana kutwa na usiku kucha, hakusikia jogoo wala adhana.

Asubuhi mama akaja kumwamsha. "Umepumzika, mwanangu?"

Mshonaji alitoa mikono chini ya shuka. Ilikuwa inatetemeka, na kwenye viganja malengelenge mapya yalikuwa yanapasuka, mabichi, yakitoa maji.

"Mama," akasema, "lile jembe bado linachimba."