Aliyewajibia Wagonjwa

Jumatatu ile Nesi wa Simu aliikuta orodha yote ya wagonjwa kwenye kompyuta imeshakuwa ya kijani kabla hajaigusa. Majina sitini na tatu, kijani tupu kutoka juu mpaka chini, na saa mbili asubuhi ilikuwa haijafika. Alisimama na mkoba begani akaikodolea macho. Jambo hilo halikuwahi kutokea, maana waliotoka kupasuliwa ni watu, na watu husahau, huchoka, huishiwa chaji, na wengine ni wavivu tu.

Tena palikuwa na harufu. Haikuwa kali. Ilikuwa ile ya bandeji iliyolala siku nyingi juu ya kidonda kibaya, ndani ya ofisi ya ghorofa ya pili ambayo mgonjwa hajawahi kuikanyaga.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kabla ya upasuaji, simu ya mgonjwa ilimkumbusha saa ya kuacha kula na dawa za kusitisha. Baada ya upasuaji, kwa siku kumi na nne, kila asubuhi simu ilimuuliza mambo matatu: maumivu ni kiasi gani kati ya sifuri na kumi, joto la mwili ni ngapi, kidonda kikoje. Akijibu vizuri, jina lake linakuwa la kijani. Akijibu vibaya, au asipojibu mpaka saa sita mchana, linakuwa jekundu, na Nesi wa Simu anatakiwa ampigie. Wagonjwa waliahidiwa hivyo kabla hawajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Walianza manesi watatu. Mmoja akahamishwa, mwingine akaenda likizo ya uzazi asirudi, na wakubwa wakasema mitambo imepunguza kazi, kwa hiyo mmoja anatosha. Huyo mmoja akabaki na majina mekundu ishirini kila mchana, na bosi anayepita saa nane kuuliza kwa nini kioo chake kinavuja damu. Ndipo alipoanza kupaka rangi. Manesi wenyewe ndivyo walivyoita. Unafungua jina la asiyejibu, unamjazia: maumivu mawili, joto thelathini na sita nukta nane, kidonda kikavu. Jina linapona palepale. Mwenye jina, Mungu ndiye anayejua.

Wiki tatu nyuma alimpaka rangi fundi viatu mmoja siku nne mfululizo. Siku ya tano fundi viatu akazikwa. Hakuna aliyeuliza kitu, kwa sababu kumbukumbu zake zilikuwa safi.

Sasa akaiteremsha orodha, na katikati akalikuta jina la fundi viatu. Kijani. Marehemu alikuwa amejibu asubuhi ile, saa kumi na mbili na dakika nane. Maumivu mawili. Joto thelathini na sita nukta nane. Kidonda kikavu. Akafungua jina la juu yake na la chini yake, akafungua na mengine, na wote walikuwa wamejibu vilevile, neno kwa neno, kama alivyokuwa akiwajibia yeye.

Akavaa hedifoni ampigie wa kwanza. Kabla hajabonyeza namba akasikia kidole kikigonga kioo humo ndani, to, to, to, pole pole, na pumzi ya mtu aliyezama kazini.

Fundi kompyuta aliyemwita alikuja na kikombe chake mkononi. Alitazama, akakiweka kikombe chini.

“Dada, haya majibu yametoka kwenye akaunti yako,” alinong'ona. “Na kwenye kompyuta hii hii.”

“Saa kumi na mbili mimi nilikuwa nyumbani naoga.”

“Mimi nakusomea kilichoandikwa, sijakushtaki.” Akakunja pua. “Kuna panya amefia humu?”

“Hata wewe unaisikia?”

Fundi akainama kuchungulia chini ya meza, akainuka. Mbele ya macho yao jina jipya lilitokea chini ya orodha, la mgonjwa wa kesho, na pembeni yake pakajiandika herufi kwa herufi: kidonda kikavu.

“Huyu bado hajapasuliwa,” Nesi wa Simu alisema kwa sauti ndogo.

“Basi mimi hii siyo kompyuta niliyosomea.” Fundi akatoka kinyumenyume, na kikombe akakiacha.

Jina la arobaini na moja lilikuwa la Kitinda, mdogo wake wa mwisho, aliyetolewa uvimbe tumboni siku tisa zilizopita. Tangu ameruhusiwa, dada mtu alikuwa akiliona la kijani kila asubuhi na roho yake inatulia. Huyu peke yake hakuwahi kumpaka rangi. Akapiga simu, na mama yao akapokea.

“Amelala, mwanangu. Amelala tangu jana.”

“Anakula?”

“Wapi! Lakini simu yake kila asubuhi inaandika, tumepokea majibu yako, unaendelea vizuri. Nikasema si ni dada yake anayemwangalia huko? Kwa nini nikusumbue?”

Alikimbia akiwa bado na hedifoni shingoni, akashuka ngazi, akavuka barabara bila kutazama magari, akaingia kwa mama yake bila hodi, na pale mlangoni, katika mwanga mweupe wa saa nne asubuhi, alikutana na ile ile harufu ya ofisini, sasa nzito kiasi cha kuonjeka ulimini, na kitandani Kitinda alikuwa na midomo iliyokauka na shuka iliyolowa tumboni, huku simu yake, ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameishika, ambayo ilikuwa juu ya stuli mbali na kitanda, ikiwaka na kugonga, to, to, to, ikijaza jibu moja, kisha la pili, kisha la tatu.

Walimrudisha hospitali, wakamfungua, wakamsafisha, wakamlaza wodini. Daktari alisema maneno machache: homa ishuke kabla ya jioni. Ikivuka thelathini na tisa, aitwe mara moja, maana itabidi wamrudishe chumba cha upasuaji bila kupoteza hata dakika.

Mama Dobi ndiye aliyeijua ile harufu. Alikuwa mwanamke wa makamo anayekusanya mashuka ya wodi, na pale hospitali wote, hata madaktari wanaojifanya hawaamini, walijua kwamba ana mkono wa kutoa majini. Alifika kwenye kitanda cha Kitinda, akasimama, akamvuta Nesi wa Simu mpaka korido.

“Huyu aliyemshika mdogo wako ameanzia kwako. Ulimpa nini?”

“Sijampa kitu, Mama Dobi.”

“Jini haji hivi hivi kukaa kwenye kazi ya mtu. Amekuta kazi inafanyika, akaipenda, akaishika. Ulikuwa unafanya nini?”

Ikabidi aseme. Alilia alipofika kwa fundi viatu, na Mama Dobi hakumfuta machozi.

“Nenda kwa mke wake. Mwambie ulichofanya, halafu muulize anasemaje. Jibu lake uniletee hapa mbele ya mgonjwa, lilivyo. Akikutukana, lete tusi. Akikulaani, lete laana. Huyu anakula majibu ya uongo, mwanangu. Jibu moja la kweli litamkaba koo, atatoka.”

Mjane wa fundi viatu alikuwa kibarazani, akitenganisha viatu ambavyo wenyewe hawajavifuata. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa na kandambili mkononi.

“Mikono yake ilikuwa inatetemeka, hawezi kubonyeza,” alisema taratibu. “Na mimi sijui kusoma. Nikamwambia twende hospitali. Akasema hapana, walituambia tusipojibu watapiga wenyewe. Akailaza simu kifuani isije ikalia asiisikie. Tukasubiri siku nne.”

Nesi wa Simu alitaka ardhi imfunike. “Mama, unasemaje? Niambie lolote.”

Mjane alimtazama. “Unaniuliza mimi? Jijibie tu mwenyewe. Si umezoea?”

Kisha akarudi kwenye viatu vyake.

Alipofika wodini saa kumi, Mama Dobi alikuwa anamngoja miguuni mwa kitanda. Mama yao naye alikuwepo, amemshika Kitinda mkono, mama ambaye hakujua lolote, ambaye tangu mwaka juzi alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe anaangalia wagonjwa mji mzima akiwa ameketi.

“Amesemaje?” Mama Dobi aliuliza.

Maneno yalikuwa machache, na yangetosha. Lakini mama yake aliinua uso akamtazama kwa lile jicho la kujivunia, na aibu ikamkaba Nesi wa Simu kabla ya kitu kingine chochote.

“Amesema amenisamehe.”

“Ndivyo alivyosema?”

“Ndivyo.”

Mama Dobi alimfunika Kitinda shuka vizuri. Kisha akainama, akaokota furushi lake la mashuka. “Basi mimi sina tena la kufanya hapa,” alisema, na akaondoka bila kuaga.

Hapo harufu ikaja yote kwa pamoja, ikamwingia puani na mdomoni na kushuka kifuani, akahisi kitu kikijipanga ndani yake taratibu, kama mtu anayerekebisha kiti kabla ya kuanza kazi, na wakati huo huo Kitinda akaanza kutetemeka kitanda kizima kikalia, naye akachomoa kipima joto kwapani mwa mdogo wake akasoma: thelathini na tisa nukta sita.

Nesi wa zamu alikuwa na vitanda thelathini. Akapaza sauti kutoka kitanda cha tatu, kalamu iko tayari. “Mwenzangu, joto la mdogo wako vipi? Nimwite daktari?”

Nesi wa Simu akafungua mdomo apige kelele. Sauti iliyotoka ilikuwa yake, tulivu, ya kikazi.

“Limeshuka. Anaendelea vizuri.”

Alijitahidi kuikata, na mdomo wake ukatabasamu. Mama yake akashusha pumzi, akasema Mungu ni mkubwa. Kitinda peke yake alikuwa amefumbua macho, akimtazama dada yake, akitikisa kichwa, hapana, hapana.

Nesi wa zamu akaandika, akasogea kitanda cha nne.