Kiti cha Kushoto

Asubuhi ya tatu tangu gari lifike nyumbani, mtaa wa Ngagara, Bujumbura, Rosette aliweka mkoba kwenye kiti cha abiria akakuta kina joto. Halikuwa joto la jua, maana gari lilikuwa kwenye kivuli cha ukuta na jua lilikuwa bado halijavuka mapaa ya jirani. Lilikuwa joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Akagusa kiti chake mwenyewe, cha kulia, kwenye usukani. Kilikuwa baridi. Alisimama kidogo, kisha akawasha gari akaenda Kinindo, kwenye shule alikofundisha Kifaransa, kwa sababu kengele ya saa moja na nusu haimsubiri mtu anayeshangaa viti.

Gari lenyewe lilikuwa na kisa. Mumewe, Sylvère, mpimaji wa ardhi, alitaka gari jipya, basi.

"Okazio ni nyumba ya watu," alikuwa akisema. "Mi sitaki kukaa mahali mutu nisiyemujua alilia."

Rosette alitaka hiyo okazio, gari la mtumba, yale yanayopandishwa kutoka Dar, unalipa leo unaondoka nalo leo. Walibishana miezi miwili, mezani, kitandani, hata mbele ya wageni, mpaka Rosette akachoka akamwachia. Sylvère akaandikisha jina kwa muuzaji wa magari mapya. Wakaambiwa wasubiri, dola zimeadimika. Walikuwa bado wanasubiri siku kifua kilipomshika Sylvère, saa nne asubuhi, katika wiki ambayo mji mzima haukuwa na tone la petroli. Majirani walimpakia kwenye baiskeli ya kubebea mkaa. Rosette alikimbia nyuma akimshikilia mgongo asianguke, na kabla hawajafika hospitali akausikia ule mgongo ukilegea mikononi mwake.

Muuzaji alirudisha pesa zote. Rosette akazipeleka Buyenzi kwa Faridi, mfanyabiashara wa magari ya mtumba, akachukua gari dogo jeupe bila hata kuuliza lilitoka kwa nani. Alinunua kama mtu anayemalizia ubishi na marehemu. Unaona? Lilikuwepo. Lilikuwepo siku zote.

Petroli ikawa ya foleni, na foleni ikawa ya siku mbili. Humo ndani, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi, Rosette alianza kuongea na mumewe. Nyumbani hakuweza kwa sababu ya Mélissa, binti yao wa miaka tisa, aliyekuwa akilia kila mama yake alipolia. Garini alisema yote. Alimkumbusha siku ile ya Kajaga, ufukweni mwa ziwa, Sylvère alipomwomba wafunge ndoa akiwa na lile shati la bluu na mchanga kwenye nyusi. Alimwomba radhi kwa kukubali kushindwa ule ubishi.

Siku ya pili ya foleni, mchana kweupe, watu wakipiga soga nje na muuza karanga akipita, mkanda wa kiti cha kushoto ulivutika polepole, ukapita hewani kama unaozunguka kifua cha mtu, ukajifunga. Kiti kikabonyea. Harufu ya tope la ziwa ikajaa, na chini ya tope, harufu ya Sylvère.

"Umechoka, Rosette," ilisema sauti. "Lala. Nitakuamsha foleni ikisogea."

Alipaswa kukimbia, na alilijua hilo. Akalaza kichwa kwenye usukani akalala, usingizi wa kwanza wa maana tangu mazishi, na foleni iliposogea akaamshwa.

Ikawa hivyo wiki tatu. Alikuwa akiondoka mapema na kurudi akiwa amechelewa, akizunguka barabara zisizomhusu, akiongea na kujibiwa. Alikonda, lakini macho yalikuwa yaking'aa, na walimu wenzake wakasema Mungu amemfariji. Yule wa kiti cha kushoto hakuomba kitu, mpaka Ijumaa moja.

"Tuende Kajaga," alisema. "Kama siku ile ya shati langu la bluu. Umulete na mutoto. Sisi watatu."

Jambo fulani katika maneno hayo lilimkaa vibaya. Alipofika nyumbani alitoa albamu. Picha ya Kajaga ilikuwepo, Sylvère anacheka, na shati lake lilikuwa jeupe, lenye mistari myembamba. Bluu ilikuwa makosa yake yeye, aliyoyasema peke yake, ndani ya gari. Rosette alikaa chini sakafuni na picha mapajani, akaanza kukumbuka kila alichoambiwa kwa wiki tatu, na hakuna kilichokuwa kipya. Kila neno lilikuwa lake, limerudishwa kwake.

Jumapili, walipotoka misa, aliingia jikoni kuwasha jiko na alipotoka Mélissa hakuwepo uani. Aliita mara mbili, mara ya tatu akasikia kicheko kidogo, akageuka, na kupitia kioo cha gari, gari ambalo ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake mwenyewe na milango yote imefungwa, akamwona mtoto amekaa kiti cha kushoto, mkanda umembana mpaka shingoni, nywele zinadondosha maji ingawa hakukuwa na mvua wala ndoo, midomo imekuwa ya zambarau kama ya mtoto aliyekaa ziwani kutwa, anatikisa kichwa taratibu kama anayekubaliana na mtu anayemnong'oneza sikioni.

Rosette alifungua mlango akamvuta kwa nguvu zote. Mkanda ulikataa, kisha ukaachia.

"Papa anasema chini ya maji mutu hangoji tena," Mélissa alinong'ona. "Hakuna foleni, mama."

Alimwacha mtoto kwa jirani, akaenda Buyenzi kwa miguu. Faridi alipomwona mlangoni hakuuliza amefuata nini.

"Ilisema?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ulijua."

"Watu wawili walinirudishia, dada. Wote walikuwa na msiba. Mi niliendesha miezi, sikusikia kitu. Nikasema ni huzuni yao tu." Alifuta uso kwa kiganja. "Unisamehe. Twende kwa shangazi yangu."

Shangazi, Bi Asiya, aliyewasomea wagonjwa wa mtaa ule miaka mingi, alikuja Ngagara siku hiyo hiyo na chetezo cha ubani na chupa ya maji. Alilizunguka gari mara moja, akafungua milango yote minne.

"Haya majini yanakaa kwenye maji na kwenye vitu vilivyopita mikono mingi," alisema. "Yanakula majonzi. Sasa sikiliza, mwanangu. Itaongea na sauti ya marehemu. Itakuita. Usiitike hata neno moja. Ukiitika umeikaribisha, na mi siwezi tena. Kama una rozari, ishike."

Akaanza kusoma. Moshi wa ubani uliingia garini ukakataa kugusa kiti cha kushoto. Gari lilitikisika kwenye magurudumu yake. Sauti ikatoka, kwanza ya Sylvère, ikiomba, ikisema ana baridi, kisha ikageuka ya Mélissa, kisha ya Rosette mwenyewe akilia kwenye foleni, kilio kile kile, pumzi kwa pumzi, na Rosette akauma ncha ya kitenge chake asije akafungua mdomo. Bi Asiya alinyunyiza maji. Sauti zote zikazimika, isipokuwa moja, ya chini, ya mtu asiyeomba tena.

"Rosette. Gaël iko na mi. Ni muzima."

Hilo hakuwahi kulisema. Si garini, si kwa padri, si kwa mama yake. Kabla ya Mélissa walipoteza mimba ya miezi mitano, na hospitalini Sylvère aliinama akamnong'oneza jina sikioni, mara moja tu, wakakubaliana kulizika hapo. Rosette alifungua mdomo. Bi Asiya, bila kuacha kusoma, alimtazama. Rosette akaufunga.

Kiti kikainuka polepole, kama mtu anavyonyanyuka akiwa hataki kuwasumbua wengine. Harufu ikaondoka.

Baadaye, Bi Asiya akimwaga majivu ya ubani, Rosette alimwuliza kama jini linaweza kujua jina lisilowahi kutajwa mbele yake.

Mama yule aliendelea kukung'uta chetezo.

"Mi najua kuyafukuza, mwanangu," alisema. "Yanajua nini, sijui."

Faridi alilivuta gari jioni ile. Rosette alibaki amesimama uani mahali lilipokuwa, akalitamka lile jina, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, mara nyingi, akisimama kati ya mara na mara kusikiliza. Magari yalipita barabarani. Hakuna aliyeitika.

Mélissa, aliyekuwa amesharudi kutoka kwa jirani, alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga shuka.

"Mama," aliuliza, "Gaël ni nani?"