Tochi Isiyolia

Tik.

Sauti ilikuwa moja tu, ndogo na kavu, kama ukucha uliogonga kigae. Mke wa mzamiaji akafungua macho gizani, akangoja ya pili. Haikuja.

"Mume wangu." Akamgusa begani. "Umesikia?"

"Nini?"

"Swichi ya tochi."

Mzamiaji alikuwa amelala usingizi wa mtu aliyechoka hadi mifupani. Mchana kutwa alikuwa chini ya bwawa la maji ya mji, akikwangua kutu na magugu kwenye wavu wa chuma unaokinga mdomo wa bomba kuu, na usiku mwili wake ulikuwa bado unaelea. "Ni plastiki inapoa," akasema. "Lala."

Lakini mkewe aliijua sauti ile. Kila tochi ina sauti yake, kama kila mlango. Hii ilikuwa ya mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akizamia pamoja na mumewe, aliyezoea kuibonyezabonyeza swichi yake ngumu mezani wakati wa kula mpaka mama yao akamchapa na mwiko. Tochi ile ilizama naye mwaka uliopita. Haikupatikana. Wala yeye hakupatikana.

Asubuhi mzamiaji akafungua mfuko wake wa vifaa. Tochi yake mwenyewe, aliyoijaza chaji jana, haikuwaka. Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani, na alipofungua kifuniko ikatoka harufu ya matope ya chini kabisa, yale ambayo jua halijapata kuyaona. Akaifuta, akaweka betri nyingine. Giza.

"Oringi imekufa," akasema kwa sauti kubwa kidogo, ili mkewe asikie. Lakini pete ile ya mpira inayozuia maji alikuwa ameibadilisha mwenyewe wiki hiyo hiyo.

Duka la vifaa vya kuzamia lilikuwa chumba chembamba chenye kaunta ya kioo na ndoo ya maji mlangoni. Alikwenda na mwenzake mpya wa kazi, dada mmoja mfupi mwenye pumzi ndefu, ambaye kila mtu bwawani alimwita Chura, naye jina hilo alilivaa kama medali.

"Tunataka tochi ndogo," Chura akamwambia muuzaji, "ya kukaa kiganjani. Huyu kaka akibeba kubwa mkono unamuuma. Ameshazeeka."

"Sijazeeka. Nimechoka."

"Kuna tofauti?" muuzaji akauliza.

"Aliyechoka akilala huamka mzima." Mzamiaji akafikiri kidogo. "Au ndivyo ilivyokuwa zamani."

Muuzaji akatandaza kitambaa juu ya kaunta, akapanga tochi zake kama mtu anayepanga samaki. Akawasha ya kwanza, dari nzima ikawa nyeupe. "Hii si tochi, ni jua. Lumeni elfu tatu, na mwanga wake unatanda pote."

"Jua la nini kwenye matope?" mzamiaji akasema. "Mwanga mpana ukipiga maji machafu unakurudia usoni, unabaki unatazama ukuta wa maziwa. Nipe mwembamba, unaochoma."

"Ee, nimepata mteja anayejua anachotaka! Basi hii."

Ya pili ilichoma vizuri, ila betri yake ilikuwa imefungiwa ndani. Siku betri itakapochoka, itabidi kutupa tochi nzima. Akairudisha. Ya tatu ilikuwa fupi kama kidole gumba cha mtu mnene, yenye betri ya kutoa na kuweka, oringi mbili badala ya moja, na kamba ya kufunga mkononi. Chura akaichovya kwenye ndoo, akaikung'uta, akapuliza kwenye kifuniko. "Hii hapa, kaka. Tuondoke."

Muuzaji akaibonyeza. Tik.

Mkono wa mzamiaji ukaruka kutoka kwenye kaunta kama uliogusa pasi ya moto.

"Hii hapana."

"Ina kasoro gani?"

"Inalia."

"Ndugu yangu, kule chini ya maji nani atakusikia?"

Chura akacheka. Akamtazama mwenzake, akaacha kucheka.

Muuzaji akainama chini ya kaunta, akatoa moja iliyokuwa na vumbi. "Kuna hii ya kuzungusha kichwa. Haina swichi kabisa. Watu hawaipendi. Ukivaa glavu inateleza, na kuiwasha ni kazi ya mikono miwili."

Mzamiaji akazungusha kichwa cha tochi polepole. Mwanga mwembamba ukatoka bila neno, ukatulia ukutani. Akaizima. Hata hapo haikusema kitu. Moyoni alijiambia kwamba nyumba yenye tochi isiyolia itakuwa nyumba ya kulala. Hakufika mbele zaidi ya hapo. Mtu aliyechoka hafikirii hatua ya pili. Yaani kwamba, tik ikisikika tena, hatakuwa na tochi ya kuisingizia.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na soketi. Hapo palikuwa na chaja, na ndani ya chaja palikuwa na betri ya akiba ya mwanawe. Kila siku mama aliijaza. "Akirudi asikute imekufa," alisema, nao waliitika, "Ndiyo, Mama," kwa kuwa hawakuwa na nguvu ya kusema jingine. Jina la kijana halikutajwa tena katika nyumba ile. Kulitaja kungetaka kwanza litangulizwe neno marehemu, na jirani wa kwanza aliyethubutu kulitamka neno hilo alirushiwa kikombe. Basi waliondoa neno, na jina likafuata. Walisema "yule". Walisema "mwenye kitanda cha dirishani".

"Umenunua tochi?" mama akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Ni nzuri kama ya yule?"

"Hakuna iliyo nzuri kama ya yule."

Mama akatabasamu, akarudi kuitazama taa ya kijani ya chaja.

Usiku ule, tik. Mzamiaji aliisikia kabla ya mkewe. Mkono wake ukaingia chini ya mto, ukaikuta tochi mpya pale pale, baridi, imezimwa.

Chini ya maji watu hawasemi. Wanazungumza kwa mwanga. Mwanga unaopepea haraka kushoto na kulia ni hatari. Mwanga unaochora duara, polepole, ni swali: niko sawa, wewe je? Na duara hujibiwa kwa duara. Mzamiaji huitikia hata akiwa amechoka, hata akiwa nusu usingizini, kwa sababu asiyeitikia ni aliyekufa, na mkono hujifunza hivyo kabla kichwa hakijajifunza.

Ukutani, juu ya kabati, doa dogo la mwanga wa kijivu lilikuwa linachora duara. Lilikuwa halitoki dirishani wala mlangoni, lilikuwa limelowa pembeni kama karatasi iliyoangukia maji, likizunguka taratibu, likisimama, likizunguka tena, na harufu ya matope ikapanda kitandani kama mnyama anayejua njia, na mzamiaji, ambaye macho yake yalikuwa wazi lakini roho yake ilikuwa bado chini ya usingizi, akaishika tochi yake kwa mikono miwili, akazungusha kichwa chake, akaunyanyua mwanga wake mwembamba hadi ukutani na akachora, kwa adabu ya kazi, duara moja kamili.

Doa la kijivu likatulia. Kisha likashuka ukutani, likasogea hadi miguuni pa kitanda.

"Umemjibu nani?" mkewe akanong'ona.

"Sijui."

"Umemjibu nani, mume wangu?"

"Mkono umejibu. Si mimi."

Kesho yake kazi ilikuwa ile ile. Juu ya bwawa jua lilikuwa la saa sita. Chini, mita chache tu, ulikuwa usiku usio na nyota. Siku ile sehemu ya wavu wa chuma ilikuwa imeng'olewa ili itengenezwe, na mdomo wa bomba ulikuwa wazi, ukinyonya maji kwa mkoromo mzito. Mzamiaji alitangulia. Mbele yake akaona duara la mwanga, akajua ni Chura, akajibu. Likamwita mbele kidogo. Akajibu. Ilikuwa rahisi sana. Maji yenyewe yalimbeba, magoti yaliacha kuuma, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima uchovu ulimwondokea begani kama mzigo aliopokewa na mwingine, na duara likamuuliza tena, uko sawa, uko sawa, naye akajibu, niko sawa, niko sawa, mpaka kitu kikamkamata kifundo cha mguu na kumvuta nyuma kwa nguvu za hasira.

Walipotoka, Chura aliivua miwani yake na kuitupa kwenye saruji.

"Ulikuwa unaingia kwenye bomba! Una wazimu?"

"Nilikufuata wewe. Ulikuwa unaniita."

"Mimi nilikuwa nyuma yako, kaka." Sauti yake ikashuka. "Muda wote nilikuwa nyuma yako. Nimechora duara mpaka mkono umeniuma, hukunijibu hata moja."

Jioni hiyo mke alimpeleka kwa mganga, mama wa makamo ambaye pia alishona sare za shule, na hakusimamisha cherehani mpaka aliposikia habari ya duara.

"Kingekuwa kimeingia chenyewe, ningekitoa leo," akasema. "Lakini hiki kimebisha hodi kikakaribishwa. Jini wa maji hana taa, dada yangu. Huiazima. Huiazima kwa mtu ambaye watu wake hawajamwachilia. Huyo mtu akitajwa kwa jina lake kwamba amekufa, jini hana cha kushika."

"Nitamtaja mimi," mke akasema haraka. "Ni mdogo wangu."

"Wewe ulishamwachilia, naona machoni. Yuko anayemshikilia. Huyo ndiye aseme. Na mfanye upesi, mumeo akiitikia mara moja tu zaidi, hatarudi."

Nyumbani, mama mkwe aliwasikiliza bila kupepesa. Kisha akaiweka vizuri betri kwenye chaja.

"Nikisema, nimemzika kwa mdomo wangu."

"Mama, mume wangu atakufa."

"Na mwanangu je? Nimzike bila kumwona?"

Jua lilikuwa halijazama vizuri, lakini tik ilisikika, hapo hapo sebuleni, kati ya viti. Taa ya dari ikapungua ikawa kama kaa la mwisho la jiko. Maji meusi yakapenya chini ya mlango bila kelele, na ukutani duara la kijivu likaanza kuzunguka, kubwa sasa, kubwa kama sahani, kama ungo, na mzamiaji akasimama na uso wa mtu aliyeambiwa kwamba kazi imekwisha na anaweza kwenda kulala, mikono yake miwili ikitafuta kichwa cha tochi, na mkewe akamrukia mikono ile akaning'inia kwayo kwa uzito wake wote, naye mume akawa anamburura kuelekea mlangoni, hatua kwa hatua, bila ukali, kama mtu asiyehisi kitu.

Mama alikuwa anacheka na kulia. "Ni yeye! Huo ni mkono wake!"

"Si yeye, Mama! Angekuwa yeye angeuliza kuna nini cha kula!"

Mama akainuka, akajiweka mbele ya ukuta na kufungua mikono. Duara likampitia kifuani, usoni, kwenye nywele zake nyeupe. Halikusimama. Lilipita juu yake kama lilivyopita juu ya kabati, likaendelea kumtafuta mkwe wake. Akalifuata upande wa pili wa ukuta, akajiweka mbele tena. Likampita tena.

"Mbona haniulizi mimi?" akasema taratibu.

Nyuma yake kitasa cha mlango kilizunguka. Mama akatazama maji yaliyokwisha kumfika mkwe wake vifundoni, akamtazama binti yake aliyekuwa amepiga magoti bila kuachia, na mikono yake ikashuka yenyewe.

"Mwanangu asingenipita," akasema.

Akaugeukia ukuta.

"Marehemu," akasema, na neno likamtoka kama jino. Akavuta pumzi. "Marehemu mwanangu, Kipupwe."