Kiraka cha Kiini cha Nne

Kumbukizi lilipowaka nyuma ya sikio lake, Mzee Mkude alijua tena jina lake, nyumba yake ya Kihonda, na binti yake aliyesimama mlangoni na kikombe cha uji. Chombo hicho, kidogo kama punje ya hindi, kiliwahifadhia wagonjwa wa usahaulifu yale ambayo ubongo ulishindwa kuyashika.

"Devota, kaka yako hajafika?"

"Bado, baba."

Kaka huyo, Gaspari, alikufa mwaka uliopita katika ajali ya treni ya angani. Baba yake alikuwepo makaburini, akatupa udongo kwa mkono wake. Jioni ile kumbukizi lilizimika ghafla, na alipoamka msiba wote ulikuwa umetoweka. Familia ikakubaliana kutomwambia tena.

Devota alikuwa mhandisi wa viini, yaani programu za msingi zinazoendesha makumbukizi. Kiini cha sita kilikuwa kimetoka, lakini vyombo vya zamani viliweza kubeba cha nne tu. Kila kiraka cha kurekebisha kasoro kilichotengenezwa kwa kiini kipya, yeye ndiye aliyeamua kama kirudishwe kwenye cha zamani. Vingi alivikataa, kwa kuwa kiraka kisicho cha lazima huweza kuharibu kinachofanya kazi.

Siku hiyo mwenzake Hamdani alimletea kiraka cha ghala, sehemu ya chombo inayotunza kumbukumbu.

"Kiini cha nne kinadanganya, dada. Kinasema kumbukumbu imehifadhiwa kabla haijafika ghalani. Chombo kikizimika, inakwama njiani."

"Na zilizokwama?"

"Kiraka kitazifikisha zote."

Devota aliufikiria msiba wa Gaspari. "Tukiondoa sehemu hiyo?"

"Kuna mama kule Msamvu hamtambui mjukuu wake. Kumbukumbu ya mtoto imekwama humo." Hamdani akashusha sauti. "Chombo cha mzee tunaweza kukiruka."

Alilifikiria hilo. Lakini wiki iliyopita baba yake alikunywa dawa mara mbili, kwa sababu kumbukumbu ya mara ya kwanza haikufika ghalani. Ingekuja siku asiamke.

"Kirudishwe," akasema. "Kwa wote."

Kiraka kilipoingia, Devota alikuwa nyumbani, ameketi sakafuni karibu na kiti cha baba yake. Mzee alikuwa akimenya chungwa. Kisu kikasimama.

"Gaspari tulimzika," akasema taratibu.

"Ndiyo, baba."

"Mvua ilikuwa inanyesha. Ulinishika mkono." Machozi yalimtiririka, hakuyafuta. Kisha akamgeukia binti yake. "Na siku zote hizi nilikuwa nakuuliza habari zake?"

Devota aliitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo umelia peke yako, mwanangu."

Hakuwa amelia. Mbele ya baba yake hakuthubutu, na kazini hakutaka. Mzee aliweka chungwa chini, akakivuta kichwa cha binti yake magotini pake, na hapo ndipo Devota alipoanza kulia.