Mlimishaji wa Jumamosi

"Amka basi, mama! Mbuzi wanamaliza ulezi uwanjani, wewe umelala!"

"Waache wale."

"Wale? Ulezi wa mwaka mzima?"

"Hellena, usinipigie kelele. Nimechoka."

"Umechoka na nini? Maji nateka mimi, kuni mimi, mashineni naenda mimi. Uliniachisha shule ukasema mikono haitoshi nyumbani. Haya, ya kwako iko wapi?"

Margareth aligeukia ukutani. Alikuwa mwanamke wa kuamka kabla ya jogoo, mtaa mzima wa Malangali ulimjua hivyo. Sasa hata kugeuka kitandani kulimtoa jasho.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mimi silali. Nikifumba macho ndipo kazi inaanza."

Hellena akalivuta blanketi kwa hasira. Ulikuwa mwezi wa nane. Ufipa yote ilikuwa imekauka, upepo hauna cha kubeba ila vumbi. Miguu ya mama yake ilikuwa na matope mabichi hadi magotini.

Akamfunika tena. Hakuuliza yametoka wapi. Alijua, na kujua huko ndiko kulikomfanya apige kelele.

Hellena alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa ameishia kidato cha pili, mwaka aliofariki baba yake. Madaftari yake aliyahifadhi kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda, na kila Jumamosi alikuwa anauza karanga na kukata tiketi mlangoni mwa banda la video. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, kila kitu kikaingia kupitia Tunduma: mitumba, redio, betri, na mikanda ya video. Mwezi wa sita ukaja mkanda wa katuni ya Kijapani. Haikuwa katuni ya watoto. Ndani yake kulikuwa na zimwi refu, jembamba, lisilo na mdomo, lililopita vijijini likichukua watu mmoja mmoja. Mkanda ukakatika patamu. Wiki iliyofuata dereva wa basi akaleta wa pili. Tangu hapo, Jumamosi saa tisa alasiri, hata wazee waliodai kwamba video ni upuuzi walikuwa wameshakalia mabenchi.

Mtafsiri alikuwa Isdori, kijana aliyerudishwa nyumbani kutoka seminari, mwenye sauti ya kuhubiria. Kijapani hakujua hata neno moja. Alishika kipaza sauti na kutunga. Zimwi akalipa jina la Mlimishaji, maana nani Ufipa hajasikia habari za watu wanaochukuliwa usingizini wakalimishwe shamba la mwingine, wakaamka hoi? Banda likamwelewa mara moja. Majina ya Kijapani yalipomshinda ulimi, akawapa wale watu wa katuni majina ya majirani.

"Huyu ni Zenon, fundi cherehani!" akatangaza kwenye mkanda wa tatu. "Mlimishaji anamwita. Zenon!"

"Naam!" akaitika Zenon mwenyewe kutoka benchi la nyuma, na watu wakacheka hadi machozi.

Baada ya wiki mbili Zenon akaanza kusinzia juu ya cherehani. Wateja wakamtania: "Fundi, mke mpya nini?" Naye alitabasamu tu. Kwenye mkanda wa tisa, yule mtu wa katuni aliyepewa jina lake alianguka juu ya tuta, hakuinuka. Jumatatu wakamkuta Zenon amekufa kitandani. Waliomwosha walisema kucha zake zilijaa udongo, na udongo ule ulikuwa bado na unyevu.

Laiti Hellena angekuwa mtazamaji tu. Siku ya mkanda wa saba alikuwa ameamka na kumkuta mama yake akiwashia moto karatasi za daftari lake la Historia. Alikwenda bandani bado ana hasira. Isdori akamwinamia pale mlangoni, kama alivyozoea. "Dada tiketi, wiki hii nimpe nani?"

"Mpe mama yangu," akasema. "Margareth. Naye akalime."

Banda likacheka. Na yeye alicheka.

Mkanda wa kumi na moja ulikatika pale mwanamke wa katuni aliyepewa jina la Margareth alipoinua jembe huku magoti yakimlegea. Leo ulikuwa wa kumi na mbili, wa mwisho. Dereva alisema hakuna mwingine.

Hellena akatoka mbio bila kufunga mlango.

Alimkuta Isdori nyuma ya banda, ameketi kwenye dumu la mafuta ya jenereta. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha msibani.

"Mtoe mama yangu," Hellena akanong'ona.

"Siwezi."

"Wewe ndiye unayetunga! Mpe jina jingine, sema alitoroka, sema chochote!"

Isdori akatikisa kichwa. "Dada, tangu mkanda wa tatu sijatunga neno. Nafungua mdomo, linakuja lenyewe. Najaribu kunyamaza, taya zinaniuma." Akatazama huku na huku. "Kitu kimoja tu zimwi lile bado linaniachia. Linaniuliza jina, nami nakuuliza wewe. Jina likishatajwa halifutwi. Ila linaweza kupokewa na jingine."

"Jingine la nani?"

"Ndiyo nakuuliza. Nimpe nani?"

Watu walikuwa wanaanza kuingia. Hellena alisimama mlangoni akawakatia tiketi, na kila uso aliupima. Jirani mwenye mbuzi. Yeye je? Ana watoto sita. Mlevi wa kilabuni, ambaye hata mkewe amemchoka. Mlevi akampokea karanga, akamwambia, "Asante, mwanangu, Mungu akutunze," naye Hellena akashindwa kumtazama. Akamtafuta mtu ambaye akiondoka hakuna wa kumlilia. Hakumpata. Kila aliyeingia alikuwa na mtu aliyemshika mkono, au aliyemwekea nafasi kwenye benchi.

Isdori akapita akielekea kwenye kipaza sauti. Akasimama kidogo.

"Hellena," akasema Hellena. "Binti Margareth."

Mapazia ya blanketi yakashushwa. Jenereta likaunguruma nje. Picha ikaanza.

Mwanamke alikuwa palepale walipomwacha, jembe juu. Mlimishaji akasogea. Hata watoto hawakutafuna. Mwanamke akashusha jembe, akalilaza chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Akaondoka zake.

Jembe likabaki.

Kisha akaingia msichana. Alichorwa kwa mistari michache tu. Kitenge kiunoni. Mfuko mdogo mkononi.

"Mlimishaji anamwita," Isdori akasema. Sauti haikuwa yake. "Hellena."

Watu wakageuka mlangoni, wakaanza kucheka. "Itika, dada tiketi!" mtu akapayuka. "Unaitwa na mkwe!"

Alijua kwamba akinyamaza, jembe litamrudia mama yake.

"Abee," akasema.

Msichana wa kwenye picha akainama, akaokota jembe. Picha ikawa chengachenga, kisha nyeupe. Watu wakazomea. Walitaka mwisho, na huo haukuwa mwisho. Isdori aliweka kipaza sauti chini, akatoka, akaenda zake hata mkanda hakuutoa.

Hellena alirudi nyumbani miguu mizito. Kabla hajafika alisikia fimbo zikitua juu ya ulezi, pu, pu, pu. Mama yake alikuwa uwanjani anapura, kanga imefungwa kichwani, jasho la afya usoni.

"Ulikuwa wapi?" Margareth akauliza. "Shika fimbo, jua linazama."

Wakapura hadi giza. Usiku ule Hellena alilala karibu na mama yake na hakuota kitu. Asubuhi akaamka, akafunua blanketi kwa woga. Miguu yake ilikuwa mikavu, safi. Akaangalia kucha, moja moja. Safi. Akalia kidogo, kwa uchovu zaidi kuliko furaha, kisha akaenda jikoni na kuketi nyuma ya mlango, karibu na moto. Mama yake alikuwa anasonga ugali wa ulezi. Akampakulia. Akamwekea na maharage.

"Kula," akasema. "Nikipata cha kuuza, tutaulizia hiyo shule."

Hellena aliinua tonge. Lilikuwa zito ajabu. Akalirudisha.

Nje mtu akabisha hodi. Alikuwa Nyanda, mchungaji wa Kisukuma ambaye alfajiri alipitisha ng'ombe wake kuelekea bondeni. Alisimama kizingitini na fimbo yake begani. Mlango ulimkinga Hellena, hakumwona.

"Karibu, baba. Karibu ugali."

"Asante, mama, siketi. Nimeacha ng'ombe," akasema Nyanda. "Ni binti yako kanituma. Tangu alfajiri yuko bondeni analima peke yake, kashamaliza matuta mengi. Anasema usimsubiri kula."